Nyumba imejaa gemu, mke anauliza nakusanya nini hasa

SWALI

Fundi, shikamoo.

Mimi naishi Pasua, hapa Moshi. Naelekea miaka 37, nina mke, mtoto mmoja na duka dogo la vifaa vya umeme. Nakuandikia kuhusu gemu, na si gemu za simu. Nazungumzia mashine zenyewe, kaseti na CD.

Ilianza kidogokidogo. Nilienda soko la Memorial kutafuta viatu, nikakuta PS2 (PlayStation 2) imelala kwenye turubai katikati ya pasi na redio, nikaichukua kwa sababu ilikuwa bei ya soda. Siku nyingine Krokoni, Arusha, nikapata kaseti za njano za zile TV gemu za utotoni. Jamaa yangu alipohama akaniachia Xbox 360. Sasa nina PS1 mbili, PS2 sijui ngapi (nyingine ni makasha matupu), PSP isiyo na betri, Game Boy moja, mashine za kaseti za Kichina, na CD za kila aina, orijino na za kuchoma, zimejaa kwenye maboksi ya mafuta ya kula chini ya kitanda na nyuma ya kochi.

Juzi Mama Neema alikuwa anatafuta pa kuweka gunia la mahindi. Akasogeza boksi moja, akasogeza la pili, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba Neema, hivi unakusanya nini hasa?" Nikamjibu, gemu. Akasema, "Gemu zipi?" Nikakosa la kusema. Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya, lakini aliuliza kwa kutaka kujua, na swali limenikaa kooni.

Nimewaza njia nne. Ya kwanza, nikusanye gemu zote za PS2. Ya pili, niachane na hizi za Kichina nianze upya na Famicom halisi ya Kijapani. Ya tatu, nikusanye gemu zinazotaja kwetu. Rafiki yangu alinionyesha gemu ya Halo yenye mji wa Voi wa Kenya ndani yake nikachanganyikiwa kwa furaha. Ya nne ni mpira, maana mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu nikicheza Winning. Lakini mpira kila mtu anao, naona hata aibu kuuita mkusanyo. Kaka yangu wa Dar yeye anasema niuze takataka zote ninunue PS5.

Jambo la mwisho. Kile kibanda nilichokulia kilishafungwa, na mwenye nacho aliniachia CD zake kwenye mfuko wa rambo pamoja na memori kadi mbili. Moja imebandikwa plasta ya kidonda na kuandikwa kwa kalamu SIMBA YANGA 06. Ndani kuna timu ambazo vijana wa pale walizitengeneza wenyewe, Kaseja wa Simba yuko golini na wamempa 99 karibu kila mahali. CD nyingi zimechubuka. Huo mfuko niutupe? Uwezo wangu kwa mwezi hauzidi elfu themanini.

Baba Neema, Pasua

JIBU

Marahaba, Baba Neema. Na umsalimie sana Mama Neema, maana swali lake limefanya nusu ya kazi yangu.

Mfuko usiutupe. Katika vyote ulivyonitajia, hicho ndicho kitu pekee ambacho fedha haiwezi kukurudishia. PS2 utapata nyingine kesho Memorial. Game Boy, mtu wa Osaka anaweza kukutumia. Lakini kadi yenye Kaseja wa 99, aliyeandikwa herufi moja moja kwa pedi na kijana wa Pasua, ipo moja duniani na umeiweka pamoja na CD zilizochubuka. Nitairudia. Kwanza tupite kwenye njia zako nyingine tusije tukazionea.

PS2 zote, sahau. Gemu zilizotolewa kwa mashine ile duniani kote zinazidi 3,000. Ukinunua moja kila wiki bila kukosa hata wiki ya msiba, utamaliza ukiwa umeshapita miaka tisini, na kabati lako litakuwa na gemu za kufuga farasi na za karaoke za Kijapani usizoweza hata kuzisoma. Watu wanapenda neno "zote" kwa sababu linawaondolea kazi ya kuchagua. Kuna mashine zenye orodha fupi, kwa mfano Virtual Boy ya Nintendo ya mwaka 1995, ambayo gemu zake ni 22 tu, lakini hiyo utaipata wapi Kilimanjaro, na wewe una kumbukumbu gani nayo?

Famicom ya Kijapani ni mashine nzuri, ilitoka Julai 1983, na najua kwa nini inakuvuta: ile ya Kichina uliyocheza utotoni ni nakala yake. Ila wewe ni mtu wa umeme, nikueleze kiumeme. Adapta yake ni ya volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Tanesco utasikia harufu kabla hujaona picha. Picha yenyewe inatoka kwa waya wa antena kwa masafa ya chaneli za Japani na kwa mfumo wa NTSC, wakati TV zetu za zamani zilijengwa kwa PAL. Utahitaji transfoma, mtu wa kuifungua na kuiwekea tundu la AV (waya za picha na sauti), au utafute ile ya 1993 iliyotoka na AV kiwandani. Elfu themanini zako zitaishia kwenye usafiri na ushuru kabla hujacheza. Halafu, na hili ndilo kubwa, utotoni hukucheza Famicom. Ulicheza ile mashine ya plastiki nyepesi yenye kaseti ya njano iliyoandikwa 9999 katika 1, ambayo ukishuka kwenye orodha unakuta gemu zilezile zinajirudia kwa majina mengine. Kama unataka utoto wako, tayari unao kwenye boksi. Safisha vile visahani vya shaba vya kaseti kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, uache kupuliza kwa mdomo. Mate ndiyo yanayovitia kutu.

Njia ya tatu ilinifanya niache kazi kidogo nianze kuwaza. Gemu zenye Afrika Mashariki ndani yake zipo, na ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Halo 3 ya 2007 ina mapambano ya Voi na barabara ya Tsavo, yaani ng'ambo tu ya Holili na Taveta, na Halo 3: ODST ya 2009 yote inachezwa ndani ya Mombasa ya miaka ijayo. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ina barabara za vumbi za Kenya, na kwa mtu aliyekulia mji wenye wapenzi wa rali kama Moshi hiyo ni halali kabisa. Civilization IV ya 2005 inafunguka kwa Sala ya Bwana ya Kiswahili iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa wa kwanza kutoka kwenye gemu kupata tuzo ya Grammy. Civilization VI inakupa mlima wako, Kilimanjaro, na mji wa Zanzibar unaogawa karafuu na mdalasini. Hata Resident Evil 5, ambayo nchi yake ni ya kubuni upande wa Afrika Magharibi, maadui wake wanakupigia kelele kwa Kiswahili.

Ningekuwa mimi, mkusanyo huo ungenifaa. Kwako naona una matatizo mawili. Mkusanyo huo unadai Xbox 360, PlayStation ya kwanza na kompyuta yenye nguvu kwa wakati mmoja, na gemu nyingine hazina hata CD ya kushika, zinapakuliwa tu. Pili, huko ni wageni wanaotutazama kwa mbali. Unaufurahia kwa dakika ile unayoliona jina la Voi, kisha unarudi kupiga risasi majitu ya angani. Weka gemu tatu nne za aina hiyo kwenye rafu ndogo kama burudani. Usizijengee nyumba.

Sasa mpira. Unaona aibu kwa sababu kila mtu anao. Nani huyo anao? Tembea Majengo, Njoro, Soweto, ulizia PES 4 (Pro Evolution Soccer) orijino yenye karatasi na kasha. Watu walikuwa nazo, zikachezwa mpaka zikakwama, zikafunikia ndoo. Kitu kilichokuwa kila mahali ndicho kinachopotea kwa sababu hakuna anayekitunza. Makumbusho ya The Strong kule Rochester, New York, yana hifadhi kubwa ya gemu, na sina wasiwasi kwamba PES wanaweza kuipata wakiitaka. Kibanda cha Pasua hawana, na hawatakuja kukitafuta.

Tena sisi historia yetu ya gemu haifanani na ya kwao, ndiyo maana orodha zao hazitutoshi. Tanzania Bara vituo vya televisheni vimeanza 1994, mwaka uleule ambao PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwezi wa Desemba. Wakati wenzetu wanahesabu vizazi vya mashine sebuleni, sisi wengi tulikutana na gemu kwenye fremu ya duka, TV ya chogo juu ya meza, pazia la khanga mlangoni, unalipia dakika, anayefungwa anatoka. Mashine ilikuwa ya mtu mmoja na mtaa mzima uliitumia.

Kwa hiyo nakushauri ukusanye mpira wa PS2 kama ulivyochezwa kwenye vibanda vya Moshi. Kuna sehemu mbili humo, na kila moja ina mpaka wake.

Sehemu ya kwanza ni CD orijino za Pro Evolution Soccer za PS2. Ziko 13 tu. Ya kwanza ilitoka 2001, zikafuata namba 2 hadi 6, kisha namba zikaachwa wakaruka kwenda 2008, na kuanzia hapo kila mwaka hadi 2014. PES 7 ya PS2 haipo, kwa hiyo anayekuuzia PES 7 anakuuzia kalamu yake mwenyewe. Hapo kuna mkanganyiko ambao vibanda vyetu vimeurithi: Japani gemu hizohizo ziliitwa Winning Eleven na zikahesabiwa tofauti, kwa hiyo Winning 8 ni PES 4, Winning 9 ni PES 5, na Winning 10 ni ileile PES 6 ambayo Adriano alikuwa akipiga mguu wa kushoto kutoka katikati ya uwanja na watu wanatupa pedi. Chagua toleo la Ulaya. Msimbo wake kwenye CD na kwenye kasha unaanza na SLES, ni PAL, na mashine nyingi zilizoingia kwetu zinazikubali bila kufungwa chipu. Zikianza na SLUS ni za Marekani, SLPM za Japani, ziache hata kama bei inachekesha.

Kwa elfu themanini, usinunue kila mwezi. Weka miezi miwili, nunua mbili tatu zikiwa na kasha zima. Za katikati, kuanzia 4 hadi 2010, zitakuja zenyewe. Ya 2014 ndiyo itakayokutesa: ilitoka Novemba 2013, Sony wakiwa wameshaacha kutengeneza PS2 tangu mwanzoni mwa mwaka huo, na wanunuzi wengi walikuwa wamehama. Ukiiona, usisubiri. Na kabla ya kulipa geuza CD uiangalie kwenye mwanga: ikiwa tumbo lake lina rangi ya zambarau, mara nyingi ni ya kuchoma. Orijino ya DVD ni rangi ya fedha tupu.

Sehemu ya pili ni kibanda chenyewe, na hapa hela haisaidii sana. CD za kuchoma zilizoandikwa kwa kalamu, kibao cha bei kama bado kipo, pedi iliyofungwa tepu ya umeme, na zile kadi mbili. Utauliza kama nakala za kuchoma ni za kukusanya. Kama ushahidi wa jinsi tulivyocheza, ndiyo. Kama bidhaa, hapana: usizirudufu wala usiziuze, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Zitunze mahali pa giza na pakavu, maana rangi ya CD ya kuchoma inakufa kwa jua na joto, na usibandike karatasi juu yake.

Kuna kazi moja ambayo ni ya haraka kuliko kununua chochote. Mtafute huyo mwenye kibanda, umpelekee hata kilo ya sukari, uwashe kinasa sauti cha simu. Muulize alianza mwaka gani, TV aliitoa wapi, dakika kumi zilikuwa bei gani, umeme ukikatika mechi ikiwa mbili kwa moja nani alihesabiwa mshindi, na ni nani aliyekaa kuandika Simba yote na Yanga yote. Huyo aliyeandika mtafute pia. PES inakuruhusu kubadilisha majina, jezi na uwezo wa kila mchezaji, lakini kwa pedi unachagua herufi moja, unabonyeza, unachagua nyingine. Kujaza timu mbili namna hiyo ni jioni nyingi za mtu, tena wateja wakiwa wanasubiri zamu. Na nina hamu ya kujua mwandishi alikuwa upande gani. Kama Kaseja ana 99, mimi nina dhana yangu. Angalia kipa wa Yanga amepewa ngapi.

Kuhusu kadi, leo usiichomeke kwenye mashine yoyote unayoishuku. Memori kadi orijino ya Sony ni ya MB 8 na hudumu, lakini ikikatikiwa umeme wakati wa kuandika inaweza kuharibika yote. Chukua PS2 nzima, ichomeke kwenye stebilaiza, weka kadi hiyo tundu la kwanza na kadi tupu orijino tundu la pili, washa bila CD, ingia menyu ya Browser, chagua faili la PES, kisha nakili. Zile kadi za sokoni zilizoandikwa MB 64 na 128 usizitumie kwa kazi hii, zinapoteza mafaili. Faili likikataa kunakiliwa, tafuta fundi mwenye kadi ya FreeMcBoot, inayoiwezesha PS2 kuendesha programu za nje. Kwa programu ya uLaunchELF atalihamishia kwenye flashi, na ukishaliweka kwenye kompyuta unalihifadhi mahali hata tatu. PS2 slimu (nyembamba) za mwisho, zile za SCPH-9000x, nyingi hazikubali FreeMcBoot, kwa hiyo tumia mashine ya zamani zaidi. Nakala ikishapatikana, kadi yenye plasta usiichezee tena. Cheza nakala.

Vitu vingine vyote je? Baki na PS2 mbili nene na slimu moja zinazofanya kazi, na TV moja ya chogo. Mama Neema ataguna kwa ajili ya chogo, lakini kwenye TV nyingi za flati picha ya PS2 inafifia na pedi inachelewa, utapiga shuti mpira ukiwa umeshaondoka. Makasha matupu ya PS2 yavue lensi, feni na waya, yaingie kwenye boksi moja la spea, mabati yauzwe. Xbox 360 (kama hutaweka zile za Halo), PSP na PS1, uza zote kwa pamoja kwa mtu mmoja hata kama atakupiga bei. Ukiuza kimoja kimoja utabaki navyo hadi Neema aolewe. Game Boy fungua mlango wa betri kwanza uone kama kuna ukungu mweupe, ufute kwa siki kidogo. Mashine ya kaseti baki nayo moja, pamoja na ile bunduki ya gemu kama unayo, kwa sababu inafanya kazi kwenye chogo tu na chogo utakuwa nayo. Haihusiani na mpira. Kila mtu anastahili kitu kimoja kisicho na maelezo.

Ondoa maboksi sakafuni kabla ya masika. Karatasi inavuta unyevu wa saruji na mende wanapenda joto la PS2 kuliko wewe. Rafu moja ya ukutani inatosha kwa CD 13, kadi, mashine na daftari la majina. Mwombe Mama Neema aseme itakuwa wapi na ndefu kiasi gani, na ukubali. Akikuuliza tena gemu zipi, unaweza kumwonyesha kwa kidole.

Kaka yako wa Dar mwambie PS5 ni mashine nzuri na anakaribishwa kukununulia.

Ukikwama kwenye kadi, niandikie namba ya mashine iliyobandikwa nyuma au chini ya kasha, yote hadi tarakimu ya mwisho. Bila hiyo nitakuwa nakubahatishia.

Fundi, Arusha